Mtihani wa binti, tumbo la mama

Swali: Shikamoo mwalimu. Naishi Uyole, Mbeya, nauza mchele soko la Mwanjelwa. Binti yangu wa kwanza ana miaka 13, kamaliza darasa la saba Septemba hii. Tumemchukulia fomu ya shule ya bweni ya masista kule Iringa, na intavyuu ni Jumamosi ya wiki ijayo. Tangu tuchukue ile fomu sina usingizi. Naamka saa tisa usiku moyo unanienda mbio, tumbo linavuruga. Kila jioni namkalisha mezani na hesabu, na kila jioni mimi naishia kufoka, yeye kulia. Baba yake anamwambia, "Ukifeli utakwenda kuchimba viazi Isyonje na bibi yako." Juzi mtoto kaniuliza, "Mama, nikikosa utanichukia?" Nikakosa la kusema. Pesa ya kuanzia ada tumekopa VICOBA, yeye hajui. Nifanyeje afaulu? Nifanyeje nilale? Na hilo la mkopo, nimwambie?

Jibu: Marahaba, mama. Pole na hizo saa tisa za usiku.

Umeniuliza mambo matatu, lakini swali zito ni lile alilokuuliza binti yako. Ameuliza nini kitampata akikosa, na amebaki kukisia mwenyewe kwa sababu hakuna mtu mzima aliyekaa akamweleza. Baba anasema viazi, mama anafoka halafu anakesha. Mtoto wa miaka 13 akiyaweka hayo pamoja, anaona nafasi yake nyumbani imeandikwa kwenye ile fomu. Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa ni mmoja, mengine nitakayoandika ni nyongeza. Kabla ya Jumamosi hiyo, wewe na mumeo amueni mtafanya nini akikosa, kisha mwambieni.

Najua hili ni gumu. Huku kwetu Nyanda za Juu wazazi wengi huniambia kwamba kulitaja kukosa ni kumtabiria mtoto mabaya, wengine wanasema ni upungufu wa imani. Siingilii imani ya mtu. Lakini mkulima anayeomba mvua haachi kuweka mahindi ghalani, na hakuna mchungaji aliyewahi kumwambia kuwa ghala lake ni dhambi.

Anza na jambo ambalo mzazi mwenye hofu hulisahau kwanza. Usaili wa shule binafsi na mtihani wa taifa ni njia mbili tofauti. Binti yako ameshafanya ule wa Baraza la Mitihani, masomo sita ndani ya siku mbili. Akifaulu, TAMISEMI watampangia shule ya sekondari ya serikali, na hawatauliza masista wamesemaje. Hata shule za vipaji maalumu za wasichana, yaani Kilakala, Msalato na Tabora, huchukua kidato cha kwanza kwa kuangalia alama za darasa la saba. Hakuna geti la kwenda kupanga foleni na kalamu. Ada katika shule za serikali ilifutwa Januari 2016 hadi kidato cha nne, unabaki na sare, madaftari, chakula na michango ya hapa na pale. Na baada ya kidato cha nne kuna uchaguzi mwingine wa kidato cha tano, ambako mtoto aliyesoma kata na aliyesoma bweni wanapimwa kwa matokeo yale yale ya taifa. Jumamosi hiyo inaamua kama Januari ataanza kwenye bweni lile au kwingine. Haiamui zaidi ya hapo.

Sitakudanganya kwamba shule zote ni sawa. Wewe mwenyewe unajua haziko sawa, ndiyo maana umekopa. Shule za kata zilijengwa kwa kasi kubwa kuanzia Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari (MMES) wa mwaka 2004, na ziko ambazo hadi leo darasa limejaa na mwalimu wa fizikia anasubiriwa. Ndiyo sababu nasema mpange, msiishie kumfariji. "Usijali, Mungu yupo" ni neno zuri, ila halimwambii mtoto atakaa wapi na nani atamfundisha.

Mpango wenyewe uwe wa vitu vinavyoshikika. Tatizo kubwa la kwanza la mtoto aliyetoka shule ya msingi ya Kiswahili ni lugha: Januari anaingia darasani na karibu kila somo, ukitoa Kiswahili chenyewe, linafundishwa kwa Kiingereza. Wengi wanaoonekana wamekuwa wazito kidato cha kwanza hawajawa wazito, wamezama kwenye maneno. Basi kaeni na mumeo mpige hesabu: sehemu ndogo tu ya ile ada ya bweni inatosha kumlipa mwalimu mzuri wa Kiingereza na wa hisabati hapo hapo Uyole, jioni, mwaka mzima. Ni mwalimu gani? Mtajeni kwa jina. Shule yoyote atakayopangiwa, atakwenda kwa daladala au kwa miguu? Kama ni mbali, kuna ndugu wa karibu nayo? Shule nyingine binafsi ya bei nafuu kidogo, je, bado inauza fomu? Shule nyingi hufanya usaili zaidi ya mara moja, zikijaza nafasi za waliopata kwingine, kwa hiyo ulizieni tarehe za awamu ya pili sasa hivi, mkiwa bado na akili tulivu. Jioni moja inatosha kwa haya yote. Ukimaliza utaona kwamba lile shimo ulilokuwa unaliona saa tisa usiku lina sakafu.

Kisha mwambieni, wote wawili, mkiwa mmekaa naye chini. Maneno yawe machache. "Tumeomba pale kwa sababu tunaona panakufaa. Ukipata, utakwenda. Usipopata, utasoma shule utakayopangiwa na serikali, na mwalimu fulani atakuwa anakufundisha Kiingereza jioni. Tumeshapanga." Lile swali la kuchukiwa mjibu peke yako, mkiwa jikoni au mkianika nguo, bila hotuba. Mwambie, "Uliniuliza juzi kama nitakuchukia. Sitakuchukia. Nilikuwa naogopa, ndiyo maana nilinyamaza." Usiongeze "lakini jitahidi." Ukiongeza, atasikia hilo la mwisho tu.

Sasa baba yake. Usimrekebishe mbele ya mtoto, utakuwa umeongeza ugomvi juu ya mtihani. Mpate mkiwa wawili. Mwanaume anayesema hivyo mara nyingi ndiye mwenye hofu kuliko wote ndani ya nyumba, ila hofu yake inatoka kwa sauti ya ukali. Mwambie kinachotokea kichwani mwa mtoto aliyetishwa, maana wababa wengi huelewa wakionyeshwa kazi inavyofanyika. Mtoto akiulizwa 24 mara 15, inabidi ashike 240 kichwani huku akitafuta 120, ndipo ajumlishe apate 360. Ile nafasi ya kushikia 240 ni ndogo kwa binadamu yeyote. Hofu nayo hukaa hapo hapo. Mtoto anayewaza viazi anapofika kwenye 120, ile 240 imeshamponyoka, na hata akiwa anajua njia ataandika namba ya ajabu. Baba anadhani anamsukuma, kumbe anamnyang'anya daftari la rafu.

Na kwa upande wangu niseme tu: hayo mashamba ya Isyonje yamewasomesha watoto wengi wa Rungwe na Mbeya. Lumbesa ngapi za viazi zimegeuka ada? Sipendi bibi anayelima afanywe kuwa adhabu.

Tuje kwenye kulala kwako. Mwili wako hautofautishi nyoka mlangoni na fomu ya shule. Ukiwaza hatari, homoni za adrenalini na kortisoli hupanda, moyo unakimbia, damu inaliacha tumbo na kwenda kwenye misuli, ndiyo maana tumbo linavuruga. Unajiandaa kukimbia na huna pa kukimbilia. Kujiambia "tulia" hakusaidii, kwa kuwa mwili hausikii amri hiyo. Unasikia pumzi. Vuta pumzi kwa puani ukihesabu hadi nne, itoe polepole ukihesabu hadi saba au nane, kwa dakika tano. Pumzi ya kutoka ikiwa ndefu kuliko ya kuingia, mapigo ya moyo hupungua. Ni jambo la mishipa ya fahamu, unaweza kulipima mwenyewe kwa kushika mapigo kwenye kifundo cha mkono.

Ukiamka saa tisa, usilale pale ukihesabu mabati. Keti, washa taa, chukua daftari la mauzo, kwenye ukurasa wa nyuma andika kila unachokiogopa, kama kilivyo, hata kama ni "watanicheka sokoni." Mwaka 2011 jarida la Science lilichapisha utafiti wa Gerardo Ramirez na Sian Beilock wa Chuo Kikuu cha Chicago, uliofanywa kwa wanafunzi wa sekondari na chuo: walioandika wasiwasi wao kwa dakika kumi kabla tu ya mtihani walifanya vizuri zaidi, hasa wale waoga. Kwa hiyo na binti mpe karatasi asubuhi ya usaili aandike yake, kisha aichane akitaka, usiisome. Simu usiishike usiku huo. Najua mkono utaitafuta.

Na kwenye simu ndiko liliko lile kundi la wazazi. Hujalitaja kwenye barua, lakini lipo, sivyo? Mmoja kaandika kwamba wa kwake anamaliza vitabu vitatu kwa siku, mwingine kaleta maswali "yaliyovuja," wa tatu anajua mtu ndani. Tangu Januari 2023 Baraza la Mitihani limeacha kutangaza shule kumi bora na watahiniwa kumi bora, ila makundi haya yanaendelea kutangaza kumi bora zao kila wiki bila kulipwa. Lizime sauti mpaka Jumapili baada ya usaili. Tafuta rafiki mmoja ambaye mtoto wake hafanyi usaili huo, ongea na huyo. Huwezi kupata utulivu kwa mtu mnayegombania naye nafasi moja, hata kama ni mwema. Na anayekuuzia mtihani au nafasi ni tapeli. Pesa ya VICOBA isipite mkononi mwake.

Zile jioni za hesabu, ziache leo. Sisemi mtoto asisome. Nasema asisome na wewe. Utafiti mwingine wa kundi hilo la Chicago, wa mwaka 2015, uliangalia watoto wa darasa la kwanza na la pili. Wazazi wanaoogopa hesabu, walipokuwa wakisaidia kazi za nyumbani mara kwa mara, watoto wao walijifunza hesabu pungufu kuliko wenzao mwaka ule na wakaanza kuziogopa wenyewe. Wazazi hao hao wasiposaidia mara nyingi, madhara hayo hayakuonekana. Wako ni mkubwa kuliko hao, lakini nadhani unaliona linalofanyika mezani kwako. Kama kuna binamu wa kidato cha pili au cha tatu hapo mtaani, mwite aje saa kumi jioni, afanye naye mitihani iliyopita kwa saa moja, anywe chai aende.

Wewe bado una kazi, na ninaipenda kuliko hesabu. Usaili wa shule hizi kwa kawaida huwa na Kiingereza na hisabati, na anayetoka shule ya Kiswahili hukwama zaidi kwenye kuyaelewa maswali. Jioni ukikaa na ungo unachambua mchele, mwache akae pembeni akusomee aya moja ya Kiingereza kwa sauti, halafu akueleze kwa Kiswahili inasema nini. Huhitaji kujua Kiingereza. Ukiona maelezo hayaingii akilini, sema, "Hapo sijaelewa, rudia." Atarudi kwenye sentensi atafute alipokosea mwenyewe. Mikono yako iko kwenye mchele, macho yako hayako kwenye daftari lake, na hakuna jibu la kumfokea. Aya mbili kwa jioni zinatosha. Saa tatu usiku awe kitandani: wa umri wake anahitaji usingizi wa muda wa saa 8 hadi 10, na watoto hawa wametoka kwenye kambi na tuisheni za darasa la saba wakiwa wamechoka hata kama hawasemi. Siku mbili za mwisho asisome kabisa. Acheze.

Safari. Uyole hadi Iringa ni zaidi ya kilomita 300, na basi likikutana na tochi za trafiki na malori ya Tunduma njia nzima, siku imekwisha. Nendeni Ijumaa asubuhi. Wapo wanaopanda basi la usiku ili kuokoa pesa ya kulala, mtoto anaingia chumba cha mtihani akiwa na kichefuchefu. Hapo hakuna kilichookolewa. Kama huwa anatapika kwenye basi, ale kidogo kabla ya kuondoka, na Makambako msimnunulie asichokizoea. Nani aende naye? Aende yule kati yenu anayeweza kukaa kimya. Kama wiki hii baba amelainika na wewe bado unatetemeka, aende baba, na usione kama umeshindwa umama.

Pale getini nimeyaona mengi. Mama anampaka mtoto mafuta usoni kwa kiganja kizima, huku anauliza, "Nane mara saba?" Mtoto anayeijua tangu darasa la tatu anasema hamsini na nne. "Unaona! Unaona sasa!" Mtoto anaingia na macho mekundu. Swali la mwisho likitoka mdomoni mwako liwe, "Umeshaenda chooni?" Mkabidhi kalamu mbili, penseli, rula na chupa ya maji, umwambie mtakutana wapi akitoka, uondoke getini. Usisimame kwenye uzio ukinyoosha shingo dirishani, wanawaona. Akitoka usimuulize swali gani lilikuwa gumu wala usimlinganishe na mtoto wa mwenzio. Mpe chakula. Akitaka kusimulia atasimulia kabla hamjafika Mafinga.

Kungoja majibu kuna uchungu wake, maana hapo huna hata la kufanya. Shule hutuma ujumbe kwa simu au hubandika majina, na ujumbe hauchagui saa. Kubaliana na mumeo kwamba atakayeupata kwanza hatampigia mtoto wala kuusoma kwa sauti mbele ya watu. Mtakutana nyumbani, mtamwambia wenyewe. Akikosa, atalia, mwacheni alie. Mpango wenu anao tayari, hamtakuwa mnautunga huku anawatazama. Siku ile baba asiutaje hata kwa utani mji wa viazi.

Kuna hali ambayo haisubiri usaili uishe. Kama kukosa usingizi kumezidi wiki mbili, huwezi kula, huwezi kusimama kwenye biashara, au yanakujia mawazo kwamba afadhali usingekuwepo, nenda hospitali ya rufaa au ya mkoa uulizie kliniki ya afya ya akili. Ni idara kama ile ya macho au meno. Mtoto naye akianza kusema habari za kufa au kujidhuru, au akianza tena kukojoa kitandani, au kichwa na tumbo vinamuuma kila siku bila homa, mpelekeni. Namba 116 ni simu ya kusaidia watoto, hupigwa bure, na mzazi pia anaruhusiwa kupiga.

Limebaki la mkopo. Kabla ya usaili usimwambie. Huo ni mzigo wa watu wazima, na ukimpa sasa atauchukua mpaka kwenye chumba cha mtihani. Majibu yakishatoka, yoyote yale, mwambieni kwa namba zake: tulikopa kiasi hiki, tunarudisha kiasi hiki kwa mwezi, tutamaliza mwezi fulani. Mtoto wa miaka 13 aliyekulia sokoni anaelewa marejesho kuliko unavyodhani. Kwa sasa mwenye kazi na mkopo huo ni wewe. Waulize viongozi wa kikundi kama ukirudisha mapema, binti akikosa nafasi, riba inapungua. Ipigie shule uulize kama ada hulipwa kwa awamu na ya kwanza inatakiwa lini. Na kama ulishalipa chochote zaidi ya bei ya fomu, itafute risiti uone kama imeandikwa kuwa hairudishwi.